Mbao Ikauke Kwanza: Maswali ya Wanaotaka Kuunda Samani Nyumbani

Anayetaka kuunda meza au kitanda chake mwenyewe kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Mashine zinaweza kusubiri. Kasoro nyingi za samani za nyumbani, kuanzia mlango wa kabati usiofunga hadi kitanda kinacholia usiku, zina chanzo kimoja: mbao ilifanyiwa kazi ikiwa bado mbichi, au ilibanwa ikakosa nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Maswali yafuatayo ndiyo mafundi huulizwa mara kwa mara, na mengi yake yatatupeleka huko huko.

Meza niliyoiunda imepasuka katikati baada ya miezi michache. Tatizo lilikuwa nini?

Mti una mirija midogo inayopandisha maji kutoka mizizini, na ubao uliopasuliwa leo bado una maji hayo. Kwanza hutoka yale yaliyomo ndani ya mirija. Ubao unakuwa mwepesi, lakini vipimo vyake havibadiliki. Unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, yale yaliyoshikwa na kuta za mirija nayo huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Hausinyai sawasawa. Kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Kwa upana hupungua sana, na ubao uliopasuliwa sambamba na pete za ukuaji hupungua karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea katikati ya gogo.

Hata ikishakauka, mbao hufuata hewa ya mahali ilipo. Pwani, ndani ya nyumba, unyevu wake hukaa kwenye asilimia 14 au 15 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi unaweza kushuka hadi 10 au chini ya hapo. Chukua meza ya mtiki yenye upana wa sm 90. Mtiki ni miongoni mwa mbao tulivu, lakini unyevu ukishuka kutoka asilimia 15 hadi 10, meza hiyo inaweza kupungua upana kwa karibu mm 9. Kama uso wake umepigiliwa misumari au kugundishwa kwenye fremu pande zote, hizo mm 9 zitatokea kwenye ufa. Familia inayohama Dar es Salaam kwenda Dodoma hudhani samani zake ziliumia kwenye lori, kumbe ziliharibiwa na hewa kavu ya kule.

Kinga yake ni kuiachia mbao nafasi. Uso wa meza ushikwe kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu kidogo, yenye urefu wa kuelekea upana wa meza, ili skrubu isogee pamoja na ubao. Au tengeneza vishikizo vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji ulioukata upande wa ndani wa fremu. Mlango wa paneli uliozoeleka majumbani umejengwa kwa hekima hiyo hiyo: paneli hukaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, ina nafasi ya mm chache kila upande, na inacheza bila mtu kuona. Fundi anayejaza gundi kwenye mfereji huo akidhani anaimarisha mlango ndiye anayeupasua.

Nitajuaje kwamba mbao niliyouziwa imekauka?

Usiridhike na neno la muuzaji. Uso wa ubao uliokaa juani siku tatu hukauka na kubadilika rangi wakati katikati bado pana maji. Ukiweza kupata kipima unyevu chenye pini mbili, choma pini hizo kwenye sehemu iliyokatwa upya, kwa sababu ncha za ubao hukauka kabla ya katikati na zitakudanganya.

Bila kifaa hicho, mizani ya jikoni na oveni vinatosha. Kata kipande chembamba, angalau sm 30 kutoka kwenye ncha, ukipime mara moja. Kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hadi 105, ukitoe na kukipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 230 kikabaki na gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Hiyo inafaa kwa samani za Tanga au Mombasa. Kwa samani itakayokaa Dodoma, Arusha au Nairobi, iache ishuke zaidi.

Njia nyepesi kuliko zote ni subira. Nunua mbao mapema, uzipange mahali penye kivuli na upepo, zisiguse ardhi. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila baada ya sm 50 hivi. Kijiti cha juu kikae moja kwa moja juu ya cha chini, la sivyo mbao zitapinda. Paka rangi kwenye ncha ili zisikauke haraka na kupasuka. Weka mawe juu ya rundo. Kisha chagua ubao mmoja, upime kila wiki na kuandika uzito wake kwa penseli ubavuni. Uzito usiposhuka tena kwa wiki tatu au nne mfululizo, mbao zimelingana na hewa ya pale. Paini ya inchi 1 wakati wa kiangazi huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache. Mbao ngumu ya inchi 2 inaweza kuchukua mwaka. Mwisho kabisa ziingize ndani ya nyumba zitakamotumika, zikae wiki mbili kabla hujazikata.

Ukiwa dukani, angalia pia ncha. Kama unaona kitovu cha gogo, pale pete za ukuaji zinapoanzia, uache ubao huo. Karibu hakika utapasuka. Inua ncha moja hadi usawa wa jicho uangalie kwa urefu kama umepinda au umejisokota. Madoa ya bluu kwenye paini hutokana na kuvu. Hayapunguzi nguvu sana, lakini yanakuambia kuwa mbao ililala ikiwa mbichi.

Nichague mbao ya mti gani?

Kwa kazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, paini. Watu huidharau kwa sababu ni laini na ina vifundo, lakini hukatika kwa urahisi, hukauka haraka, na ukiharibu ubao hujapoteza fedha nyingi. Tanzania paini nyingi inatoka kwenye mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, likiwamo la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi. Kitanda, rafu au benchi la paini kavu, lenye viungo vizuri, litazizidi umri samani nyingi za mbao ngumu zilizoundwa zikiwa mbichi.

Mninga una sifa inayostahili: hausinyai sana, una rangi nzuri, na kiini chake huwashinda wadudu wengi. Mkongo, ambao pwani huitwa mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi, na unafaa kwa milango ya nje. Mvule unadumu. Mtiki wa mashambani, kama ule wa Longuza huko Muheza, una mafuta ya asili yanayozuia maji, ila mafuta hayo hayo huisumbua gundi. Futa sehemu ya kugundisha kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka. Unguja na Pemba mfenesi hutoa mbao nzuri ya rangi ya njano inayoiva na kuwa kahawia, nao haupewi heshima inayostahili. Mkaratusi ni mgumu na bei yake ni nafuu, lakini unapokauka hujisokota na kupasuka kuliko wengi, kwa hiyo mgeni wa kazi hii auache.

Kuna jambo la haki hapa ambalo sipendi lipite kimyakimya. Mninga na mkongo ni miti ya misitu ya asili inayokua polepole sana, na mahitaji yameizidi nguvu. Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliingiza miti ya Afrika ya jamii za mninga, mkongo na mkangazi kwenye Kiambatisho cha Pili, ambapo kuvusha magogo na mbao zake nje ya nchi kunadhibitiwa kwa vibali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka uvunaji uwe na leseni, na msimamizi wa misitu ya Serikali Kuu ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mnunuzi wa mbao mbili za kabati anaweza kufanya jambo dogo lenye maana: adai risiti, akatae mbao za usiku zisizo na karatasi, na mninga autumie pale unapoonekana, kwenye uso wa meza au milango ya kabati, huku fremu ya ndani ikiwa paini.

Mbona mbao ya 2 kwa 4 ukiipima haifiki inchi 2 kwa 4?

Kipimo hicho ni cha kupasulia. Kusinyaa hula sehemu yake, na randa hula nyingine. Usichore mpango wako kwa vipimo vya dukani; nunua, kausha, piga randa, ndipo upime na kuchora.

Ninahitaji vifaa gani vya kuanzia?

Msumeno, randa, patasi mbili (ya mm 10 na ya mm 20 hivi), skwea, tepu, penseli, nyundo, nyundo ya mti ya kugongea patasi, keekee, klampu nne, na jiwe la kunolea. Kwa vifaa hivyo peke yake mtu anaweza kuunda kila samani ya nyumba yake. Kama fedha haitoshi kwa vyote, punguza patasi, usipunguze klampu wala jiwe.

Msumeno wa kupasulia mbao kwa urefu na wa kukatia kwa kukingama si mmoja. Meno ya ule wa kupasulia yamenyooka mbele na hufanya kazi ya patasi ndogo ndogo. Meno ya ule wa kukatia yamenolewa kwa ubavu ili yakate nyuzi bila kuzirarua. Ukiwa na uwezo wa kununua mmoja, chukua wa kukatia, na kazi ya kupasua upeleke kwenye karakana yenye mashine. Kulipia upasuaji na upigaji randa ni busara, kwani ujuzi wako utaonekana kwenye viungo.

Kunoa ndiko kunakowakatisha watu tamaa mapema, maana wengi hawajawahi kushika patasi yenye makali ya kweli. Patasi mpya dukani haijanolewa; imesagwa tu. Anza na mgongo wake: usugue juu ya jiwe mpaka ulale bapa na kung'aa karibu na ncha. Kisha shika upande wa mteremko kwa nyuzi 25 hadi 30, usugue mpaka uhisi kijichembe cha chuma kimejikunja upande wa pili kwa urefu wote wa makali. Geuza, kiondoe kwa kuulaza mgongo kwenye jiwe. Patasi iliyo tayari hukata ncha ya paini na kuacha uso laini, bila kuzisaga nyuzi. Patasi butu ndiyo hatari, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na ikiteleza unaifuata kwa mkono mzima. Vidole vya mkono wa pili viwe nyuma ya makali daima.

Skwea nayo ikaguliwe kabla hujailipia. Iegemeze kwenye ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikiachana, irudishe kwa muuzaji. Kwa fremu kubwa, pima sm 60 upande mmoja wa kona na sm 80 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sm 100, kona imekaa sawa. Kitanda au kabati pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara zote mbili. Vipimo vikilingana, endelea.

Misumari au gundi?

Gundi nyeupe ya mbao ikishikanisha ubavu na ubavu hushika kuliko mbao yenyewe. Ukivunja, huvunjika pembeni mwa kiungo. Lakini ncha ya ubao, yaani sehemu iliyokatwa kukingama, haishiki gundi vizuri, maana mirija iliyo wazi huinyonya. Msumari nao ukiingia kwenye ncha hushika kidogo sana. Ndiyo maana kiti kilichounganishwa kwa kugonga ncha kwenye ubavu hulegea, hata ukitumia misumari mingapi.

Kiungo cha kweli cha kiti na meza ni cha ulimi na tundu. Unene wa ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao. Mbao ya sm 3 ipewe ulimi wa sm 1. Chimba tundu kwanza, kisha ukate ulimi kulifuata, kwa kuwa kupunguza ulimi ni rahisi kuliko kulibadili tundu. Uingie kwa kusukumwa na mkono, au kwa kugongwa kidogo tu. Paka gundi pande zote mbili, bana kwa klampu, futa inayotoka kwa kitambaa chenye maji, uache usiku mzima.

Kwa rafu, swali ni urefu usiopinda. Ukizidisha unene wa ubao mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya unene husaidia sana. Ubao wa paini wa inchi 1 wenye vitabu usiuache zaidi ya sm 80 bila nguzo.

Naona unga chini ya kiti. Ni mchwa?

Uangalie unga huo vizuri kabla ya kununua dawa yoyote. Kama ni laini kama poda, na kuna vitundu vidogo vya mviringo, ni wadudu wanaobungua mbao ngumu. Wanatafuta wanga ulio kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, wala kiini hawakijali. Kama ni chembechembe kavu zinazofanana kwa ukubwa, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia zina pande sita, ni mchwa wa mbao kavu, anayeishi ndani ya samani bila kuhitaji udongo. Mchwa wa ardhini hujitambulisha mwenyewe kwa njia za udongo anazojenga ukutani au kwenye mguu wa samani.

Kwa wadudu wa kwanza, kinga ni kukataa sehemu nyeupe kwenye mbao ngumu. Ukinunua samani iliyokwisha kuundwa, kagua chini na nyuma, mahali ambapo rangi haikufika. Hutokea sehemu nyeupe ikapakwa rangi ifanane na mninga. Mbao za ndani ya nyumba zinaweza kulindwa kwa mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki uliopakwa kwenye mbao kabla ya vanishi, lakini maji huuosha, kwa hiyo haufai nje. Kwa mchwa wa ardhini, tibu msingi na udongo wa nyumba. Kupaka dawa kiti kimoja hakumalizi kitu.

Acheni kupaka oili chafu ya magari kwenye samani za ndani. Ni mazoea ya miaka mingi na nafahamu ni ya bure. Haipenyi ndani, inazuia gundi na vanishi kushika, inashika moto, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ambazo mtoto anayetambaa atazigusa na kuzilamba.

Mbao zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, zinafaa samani?

Zinafaa paa, uzio na nguzo. Nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Usiundie ubao wa kukatia nyama, mbuzi ya nazi, mwiko, wala kitanda cha mtoto. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni kabisa: moto hauharibu aseniki, nyingine hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Mama anayeokota vipande hivyo kwenye eneo la ujenzi akapikie hajui, na fundi anayejua akanyamaza anamkosea.

Vumbi la mbao lina madhara?

Lina madhara. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliingiza vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na linaweza kuamsha pumu. Piga msasa nje, upepo ukikutoka mgongoni, na uvae barakoa inayobana uso. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Mbao ya kiwandani ya MDF ina gundi yenye fomaldehaidi, kwa hiyo nayo isikatwe ndani ya chumba cha kulala. Ukitumia mashine yenye msumeno wa mviringo, usivae glovu, mikono mirefu iliyolegea wala khanga, kwani vyote hivyo huvutwa pamoja na mkono.

Vanishi ipakwe vipi ili isibanduke?

Piga msasa kwa kufuata nyuzi, ukianza na namba 80, kisha 120, kisha 180. Futa vumbi lote. Paka tabaka nyembamba, iache ikauke, pitisha msasa laini, rudia. Paka chini ya uso wa meza pia, tabaka sawa na juu. Upande mmoja ukibaki wazi, unyevu huingia na kutoka upande huo tu, na uso mzima hujikunja. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kurundikwa: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke.

Kitanda kimeanza kulia usiku. Niongeze misumari?

Hapana. Kitanda kinalia kwa sababu mbao ilisinyaa baada ya kuungwa na ulimi sasa unacheza ndani ya tundu. Msumari mpya utapasua ncha ya ulimi na sauti itarudi. Kifungue kiungo, kwangua gundi ya zamani yote hadi uione mbao, kwa kuwa gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Pima nafasi iliyobaki, gundisha kipande chembamba cha mbao kwenye ubavu wa ulimi, na kikishakauka kipunguze kwa patasi mpaka ulimi uingie kwa kubana. Bana kwa klampu usiku mzima. Kama kona za kitanda zimeungwa kwa bolti, kaza kila moja, kisha uzikaze tena baada ya kiangazi cha kwanza kupita.